Aliyeliona Joto na Aruhusiwe Kuita

Wafugaji, mara nyingi twasikia lawama hii: "Ng'ombe wangu amepandishwa kwa mrija mara tatu, wala hakushika mimba. Mbegu hizi hazifai." Lawama hiyo pengine ni ya haki. Mbegu huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na baridi hiyo ikipungua njiani mbegu hufa. Tena mhimilishaji asiye mwangalifu aweza kuiharibu mikononi mwake. Lakini kwa maoni yetu liko jambo jingine lililomo zizini mwenu, nalo ni saa.

Ng'ombe hupata joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi. Joto hilo hudumu kadiri ya saa 12 hata 18, na pengine huja usiku watu wamelala. Yai hutoka baada ya joto kwisha, wala halidumu ila saa chache. Kwa hiyo ng'ombe aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ya siku iyo hiyo, na aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Saa ikipita, hapana budi kungoja siku 21 nyingine, naye anakula majani bure.

Sasa tazameni desturi ya miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hufungwa bandani, karibu na nyumba, kati ya migomba. Dalili ya hakika kupita zote ni ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na mwenziwe. Lakini aliye peke yake hana mwenzi. Zimebaki dalili ndogo: kulia, kutotulia, maziwa kupungua, na ute mwangavu unaoning'inia nyuma. Ni nani azionaye? Mara nyingi ni mama, aletaye majani na kukamua alfajiri. Lakini fedha na ruhusa ya kumwita mhimilishaji zi kwa baba, naye hayuko. Mama hungoja, joto halingoji.

Shauri letu ni hili. Fedha ya kupandisha iwekwe nyumbani mapema, na yeyote aliyeliona joto aruhusiwe kuita mara moja. Siku ya joto iandikwe, ili siku ya 21 isiwakute hamna habari. Ng'ombe atazamwe alfajiri, na tena usiku kabla ya kulala. Aliyezaa apumzishwe siku 45 hata 60, ashibe, apate maji na chumvi ya madini. Maana aliyekonda huenda asipate joto kabisa.

Wengine watasema ya kuwa hivyo ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Sivyo. Heshima yake ni ndama zizini na maziwa ya watoto, wala si kuulizwa ruhusa wakati saa imekwisha kupita.