Kilimanjaro Haiko Serengeti

Haya ndugu zangu, leo nina neno na wanamuziki wa huku.

Hapa Marekani ukisema tu kwamba unatoka Tanzania, si ajabu mtu akakuimbia "Africa", ule wimbo wa kundi la Toto la Los Angeles. Ulitoka mwaka 1982, na Februari 1983 ukashika namba moja huku. Mpaka leo unapigwa madukani na harusini. Mtu anauimba kafumba macho, kama aliyekumbuka kwao.

Kwao wapi? David Paich, aliyeutunga pamoja na mpiga dramu Jeff Porcaro, alikuwa hajakanyaga Afrika hata siku moja. Afrika yake aliipata kwenye majarida ya picha na televisheni. Ndiyo maana humo Kilimanjaro inasimama juu ya Serengeti. Jamani! Mtoto yeyote wa shule pale Moshi atakwambia kuwa baina ya mlima na mbuga ile kuna zaidi ya kilomita 200, na Ngorongoro iko katikati.

Lakini hilo la ramani ni dogo. Hebu wahesabuni waliomo. Ngoma za usiku zipo, mvua ipo, mbwa mwitu wapo. Wenyeji je? Mzee mmoja tu, naye hana jina. Mkulima wa kahawa hayumo, wakati Wachagga walikuwa na ushirika wao, KNCU, tangu 1933. Foleni za sukari na sabuni hazimo, na miaka ile hizo ndizo zilikuwa habari ya mjini. Mlimani Park na Juwata Jazz, waliokuwa wakijaza kumbi za Dar wakati huo huo, hawamo.

Na Michael Jackson je? Mwaka 1987 alitoa "Liberian Girl". Mwanzoni anasikika mama Letta Mbulu, Mwafrika Kusini, akisema maneno ya Kiswahili. Msichana wa Liberia na Kiswahili wapi na wapi? Kwao Afrika ni kijiji kimoja, lugha yoyote itafaa.

Najua mtaniambia: "Acha roho mbaya, ni wimbo tu, tena mtamu." Mtamu kweli, na dramu za Porcaro sina ugomvi nazo. Sidai wimbo upigwe marufuku. Ninachokataa ni hii hamu ya Afrika isiyo na watu. Serengeti ilikuwa na watu. Wamasai waliondolewa humo mwaka 1959, chini ya serikali ya kikoloni, wakapelekwa Ngorongoro. Pori tupu linaloliliwa kwenye santuri lilifanywa tupu kwanza. Mtu aliyelelewa na picha ile akija kwetu, simba atamwona ni mwenyeji na mfugaji atamwona ni mvamizi. Hapo si wimbo tu tena, ni ardhi ya watu.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Mgeni akishuka uwanja wa ndege tunamwambia "Jambo", salamu ambayo hatupeani sisi kwa sisi, kisha tunamuuzia picha ile ile aliyokuja nayo: twiga, jua linazama, Mmasai anaruka. Halafu tunalalamika kwamba hawatujui!

Mwaka 1982 wenyewe una sauti zake. Nyimbo za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania, na kanda za enzi hizo ni mali kubwa kuliko tunavyodhani. Wimbo wa Toto mtoto wa Ohio anaupata kwa kubonyeza mara moja. Wa kwetu hata mtoto wa Kinondoni anahangaika kuutafuta. Mliye karibu na wazee wa muziki, waulizeni, andikeni majina yao na waliyoyapiga, pigeni kelele kanda zile zitunzwe na zisikike. Msimulizi akiwa ni mgeni peke yake, mlima atauweka anapotaka.