Kwaya ya Watu Watatu

Mafrateri wakisikia neno roki hutarajia gitaa na kelele, na baadhi ya walimu wa muziki huishia hapo hapo. Nawaomba waichukue albamu ya A Night at the Opera, iliyotolewa na kundi la Queen la Uingereza Novemba 1975, waisikilize kwa sikio lilelile wanalosikilizia kwaya. Nguvu yake kubwa haimo katika gitaa. Imo katika sauti za watu.

Waimbaji ni watatu tu: Freddie Mercury (mzaliwa wa Zanzibar, tusisahau), Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, ambaye ndiye aliyepanda juu kabisa. Walirekodi sauti zao juu ya sauti zao, tena na tena, hadi watatu wakasikika kama kwaya nzima.

Tuanze na "Bohemian Rhapsody". Unafunguliwa kwa sauti bila ala, Do ni B♭. Gitaa linapopewa nafasi yake, Do imehamia E♭. Kisha sehemu ya opera inaangukia A. Kutoka E♭ hadi A ni umbali uleule wa fa na ti, unaowatesa tenori wetu kila mara. Hakuna Do mbili zilizoachana zaidi ya hizo. Ndiyo maana msikilizaji anajiona ameingizwa chumba kingine kabla hajaelewa neno hata moja. Na mwishoni wimbo haurudi B♭, unatulia kwenye F. Aliyepanga hayo hakubahatisha.

Lakini mimi naupa "The Prophet's Song" nafasi ya kwanza. Katikati yake ala zinanyamaza. Mercury anaimba, mashine inamrudishia sauti yake baada ya muda mfupi, kisha inairudisha tena. Ni kanoni, kama zile za Palestrina, ila hapa mtu anajifuata mwenyewe. Kila noti lazima ipatane na ile aliyokwisha kuiimba. Akikosea moja, kosa litamrudia.

Nyimbo za mzaha, kama "Seaside Rendezvous", unaweza kuziruka. Tena kwaya ya makoo matatu ina kasoro yake: ni laini mno, haina ule mkwaruzo wa mzee wa besi aliyekuja mazoezini moja kwa moja kutoka shambani.

Kwenye jalada waliandika kwamba hawakutumia sinthesaiza. Kundi la roki! Nasi tuna kwaya zisizoweza kuanza wimbo kabla kinanda hakijawashwa na mdundo uliopangwa kiwandani. Alto wanaimba vizuri, lakini nani anawasikia?

Juzi niliwasikilizisha mafrateri ile kanoni mara tatu, kisha tukajaribu ya kwetu bila kinanda. Tenori walipotea katika mzunguko wa pili. Tutarudia Alhamisi.