Jezi, Sumu na Lugha ya Mnunuzi

Siku ya soko huko Muthara, Tigania Mashariki, jezi za timu za Uingereza hutandazwa juu ya turubai. Mnunuzi hukagua mshono, huvuta kitambaa kuona kama kitachanika, hupatana bei na kwenda zake. Asichoweza kukagua ni kemikali zilizotumiwa kiwandani kukiosha kitambaa hicho na kukitia rangi. Harakati za kuondoa sumu katika mavazi ya michezo zimefua dafu kwingineko; hapa zingali ngeni, na ugeni huo kwa sehemu kubwa ni wa lugha.

Mnamo Julai 2011, shirika la Greenpeace lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba majitaka ya viwanda viwili vya nguo nchini China, kimoja katika delta ya mto Yangtze na kingine katika delta ya mto Pearl, yalikuwa na kemikali hatari. Viwanda hivyo vilikuwa na uhusiano wa kibiashara na kampuni kubwa, zikiwemo Nike, Adidas na Puma. Wanaharakati wakavua nguo hadharani mbele ya maduka, mbinu ambayo wazee wa Njuri Ncheke wasingeipa baraka hata kidogo! Hata hivyo, Puma iliahidi mwezi uo huo kuachana na kemikali hatari kufikia 2020. Nike na Adidas zikafuata Agosti. Agosti hiyo shirika lilitangaza kwamba kati ya mavazi 78 ya kampuni mbalimbali yaliyopimwa, 52 yalikutwa na nonilifenoli etoksileti.

Jina hilo hutatiza ulimi, ilhali jambo lenyewe si gumu. Ni aina ya sabuni ya kiwandani. Ikiingia majini huvunjika na kuwa nonilifenoli, kemikali isiyoisha upesi, ambayo hujikusanya katika miili ya samaki, huiga homoni ya kike na kuvuruga uzazi wao. Mabaki yake hukaa kitambaani na kutoka nguo inapofuliwa. Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo katika viwanda vyake tangu 2005, lakini nguo kutoka nje ziliendelea kuingia nayo hadi Februari 2021, ulipoanza kutekelezwa ukomo wa asilimia 0.01 ya uzito wa nguo. Miaka 16!

Wengi wangekimbilia kuulaumu mtumba. Lakini mtumba umekwisha kufuliwa mara nyingi ughaibuni, na sehemu kubwa ya kemikali hii imebaki huko. Ya kushukiwa zaidi ni jezi mpya ya bei nafuu, iliyoigiza nembo ya kampuni maarufu, ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kumwahidi mtu lolote. Hiyo ndiyo hufuliwa kwa mara ya kwanza kando ya vijito vya milima ya Nyambene, ambamo watu huteka maji na kunywesha mifugo.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikunyamaza. Kifungu cha 42 humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 46 humpa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji na ya kulindwa afya yake. Cha 7 hukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vikisomwa pamoja, lebo ya Kiingereza pekee ni haki iliyotolewa nusu. Wanaharakati nao hawana udhuru, kwani ripoti zao aghalabu huandikwa kwa Kiingereza.

Kazi hii inaziangukia idara za Kiswahili. Istilahi za isimu zimejadiliwa hadi zikachosha. Je, ni tasnifu ngapi zimeshughulikia istilahi za sumu? Kumtajia mama wa Muthara nonilifenoli hakutoshi. Huenda "sabuni sumu" ikafaa, au wanafunzi watokao Tigania wakachota neno katika Kimeru. Likipatikana, lidaiwe kwenye lebo kupitia Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Na kabla ya hapo lifikishwe kwa mchuuzi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.