Udongo wa Funu unatembea: satelite inaona, avenyu njo inajua

Kila musimu wa mvua, wakaaji wa Funu, mu komini ya Kadutu hapa Bukavu, wanaangalia kuta za nyumba zao. Ufa uliokuwa unapitisha karatasi, leo unapitisha kidole. Mulima wote ule unateremuka polepole, na juu yake kuna shule, makanisa na watu maelfu kwa maelfu.

Si kwamba jambo hilo halijachunguzwa. Watafiti wa Université Officielle de Bukavu na wenzao wa Jumba la Makumbusho la Tervuren, kule Ubelgiji, walilinganisha picha zilizopigwa toka kwa ndege wakati wa ukoloni na zile za satelite za leo. Kazi yao ilitoka mu 2022 katika gazeti la sayansi Nature Geoscience. Walikuta kwamba kujengajenga kwa watu kumeongeza mwendo wa udongo: mabomba yanavuja, maji ya mvua yamepotezewa njia, yote yanaingia chini.

Kazi kubwa. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na satelite haijue bomba ya nani inavuja nyuma ya choo. Mama wa parsele anajua. Shefu wa avenyu anajua nani alifunga mufereji ili aongeze chumba.

Ushirikiano wa université zetu na Ulaya uko na mikataba, sahihi na bajeti. Ule wa avenyu, mara nyingi, ni salamu tu: mwanafunzi anapita na daftari, anauliza, anaenda kutetea mémoire yake, harudi. Watu wamechoka kuandikwa.

Tangu M23 iingie Bukavu mu mwezi wa pili 2025, na kiwanja cha Kavumu vilevile, mutafiti toka inje hafike kirahisi. Mvua yenyewe haikungoja. Vijana wawili kwa kila avenyu, wakilipwa kidogo, wangeweza kupima nyufa kila juma kwa musumari na kamba, na daftari ibaki kwa shefu. Pesa hiyo ingetoka mu bajeti ileile ya mradi, ikiandikwa toka siku ya kwanza.

Wenye parsele wengine hawatafurahi, maana habari hizo zinashusha bei. Na mwenye kuambiwa ahame atauliza: nihamie wapi? Kwa hilo université haina jibu. Kwa bomba na mufereji, jibu liko, na halihitaji visa.