Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ofisi ya Wageni: bima imerudishwa nyuma, jicho halirudi

Mheshimiwa Mkuu,

Barua hii kwa Kijerumani ilikwisha kukufikia kwa posta ya rejesta, pamoja na ripoti ya daktari wa macho. Hii ya Kiswahili naiweka wazi kwa sababu Watanzania na Wakenya wengi waliooa au kuolewa Ujerumani wamekaa, au watakaa, kwenye viti vile vile vya ukumbini kwako, na sitaki wao nao waambiwe kwamba mambo yanashughulikiwa huku miili yao ikiharibika.

Faili langu unalo. Unajua niliingia kwa viza ya kuungana na mke wangu, raia wa nchi hii, baada ya kufaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kwanza nikiwa Dar es Salaam. Unajua niliomba kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha. Na barua ya ofisi yako imo humo humo, ile iliyosema kwamba ombi langu halitasogea mpaka nilete uthibitisho wa bima ya afya ya kudumu badala ya bima ya wageni niliyokata kwa ajili ya viza.

Sikuipinga barua hiyo. Mimi nilikuwa na haraka ya kuhama bima kuliko ninyi, kwa sababu nina presha ya macho. Iligunduliwa Tanga, nikiwa dereva wa basi la kwenda Dar, nilipopimwa macho kwa ajili ya leseni. Ugonjwa huu hauumi. Unakula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, mara nyingi ukianzia pembeni mwa uoni, na ulichokula hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee: matone kila siku, kupima presha mara kwa mara, na matone yakishindwa, leza au upasuaji. Mtu anayetunzwa hivyo anaweza kufika uzeeni akiona. Mimi nilitunzwa hivyo Tanga, na nilifika kwenu nikiona.

Bima ya wageni haikugusa ugonjwa huo hata kidogo, kwa kuwa ulianza kabla ya mkataba. Masharti yake yanasema hivyo waziwazi. Bima ya umma ya Ujerumani haimuulizi mtu maradhi yake ya zamani. Mke wangu ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila mwezi mshahara wake unakatwa mchango: asilimia 14.6, nusu yake na nusu ya mwajiri, na nyongeza ya mfuko wa bima juu ya hapo. Kwa mchango huo huo, mwenzi anayeishi hapa na asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo, anaingia kwenye bima ya familia bila kuongeza senti. Kwangu mimi huko kuhama bima ndiko kulikokuwa tiba yenyewe.

Mfuko wa bima ukasema: lete kibali cha ukaazi, au angalau cheti cha muda kutoka Ofisi ya Wageni. Viza ilikuwa imekwisha, na cheti cha muda hakitolewi na mtu mwingine ila ninyi. Nikaja kwenu. Dirishani nikaambiwa: lete bima kwanza, cheti kitafuata. Nikarudi kwenye mfuko, wakanirudisha kwenu. Mke wangu akaandika barua pepe, akapiga simu kati ya zamu na zamu, akajibiwa na mashine. Mfuko nao una lake la kujibu, maana sheria ya bima ya familia inauliza mtu anaishi wapi, na kuishi kwangu hapa kulikuwa kumeandikishwa manispaa. Lakini mfuko ulinipa sababu, na sababu hiyo ilikuwa karatasi yenu.

Sasa tusome sheria pamoja, Mheshimiwa, kwa kuwa ni sheria yako. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Ukaazi, inayotumika tangu Januari 2005, kinasema kwamba mwenye kibali au viza ya taifa akiomba kabla haijaisha, kibali hicho kinahesabiwa kuwa hai mpaka uamuzi utolewe. Kinasema pia kwamba mwombaji apewe cheti cha kuthibitisha hali hiyo. Apewe. Hakuna mstari unaosema apewe akishaleta bima. Nenda kifungu cha 28: mwenzi wa raia wa Ujerumani, kwa kawaida, apewe kibali hata kama sharti la kujimudu kimaisha halijatimizwa, na bima ya afya ni sehemu ya sharti hilo hilo. Kwa hiyo mlinidai kitu ambacho kwa kawaida sheria haikifanyi kizuizi kwa mume wa raia, mkaninyima kitu ambacho sheria inaamuru nipewe, na cha pili ndicho kilichokuwa njia pekee ya kukipata cha kwanza.

Katika kipindi hicho jicho la kushoto halikusubiri. Nilimwona daktari mmoja kwa pesa taslimu. Akasema presha imepanda, tone moja halitoshi tena, linahitajika la pili na leza, na upimaji wa karibu. Pesa ya hayo yote hatukuwa nayo. Kliniki ya watu wa kujitolea, wanaotibu wasio na bima, ilinisaidia matone kwa kadiri ya uwezo wake, na nawashukuru kwa dhati. Leza hawakuwa nayo.

Baadaye, bila maelezo na bila pole, cheti kikaja kwenye bahasha. Nilikipeleka kwenye mfuko. Mfuko ukaniandikisha, na kwa kuwa haki ya bima ya familia huanza siku masharti yanapotimia, ukairudisha nyuma bima yangu hadi siku niliyoandikishwa kuwa mkazi wa mji huu. Ukisoma kompyuta zenu leo, utaona kwamba sikuwahi kukosa bima hata siku moja. Pengo halipo. Daktari aliponipima eneo la kuona, pengo alilikuta. Lipo jicho la kushoto, upande wa puani, jeusi kwenye karatasi ya kipimo. Bima imerudishwa nyuma, jicho halirudi.

Kampuni ya mabasi ilikuwa imekwisha kuahidi kunipokea kwenye mafunzo. Madereva wa mabasi wanatafutwa nchi nzima, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana. Leseni ya kubeba abiria inadai kipimo cha eneo la kuona, na inastahili kukidai. Mimi mwenyewe nisingempakia mwanangu kwenye basi la mtu asiyeona pembeni. Kipimo hicho sikupita. Mlinidai uthibitisho kwamba sitakuwa mzigo kwa mfuko wa umma, na mwenendo wenu ndio ulioniondolea kazi ambayo ningeilipia kodi.

Mengine nayataja kwa kupita. Mke wangu alibeba zamu za usiku mpaka akaugua. Shangazi aliyenilea alizikwa Pangani bila mimi, kwa sababu kutoka bila karatasi kulikuwa hatari ya kutorudi.

Ibara ya 6 ya Katiba yenu inaiweka ndoa na familia chini ya ulinzi maalumu wa dola. Nchi hii ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, kabla ya karibu kila nchi duniani. Septemba 2024 serikali yenu ilitia saini Berlin mkataba wa uhamaji na Kenya ili ipate wafanyakazi. Vijana wa Nairobi na Kisumu wanajifunza Kijerumani sasa hivi wakiamini saini hiyo. Watakapofika watakutana na dirisha lile lile, na wenzi wao watakaowafuata watakutana nalo pia. Nawauliza viongozi wenu wa juu, si wewe peke yako: mnaita watu kwa mkono wa nani, ikiwa mkono wa kuwapa karatasi umekunjwa?

Suala la fidia liko kwa wakili, chini ya Ibara ya 34 ya Katiba, na litaendelea huko. Kwako ninadai haya. Cheti cha muda kitolewe siku ombi linapopokelewa, kwa kila mwenzi, bila kutanguliza bima. Barua ile ya kudai bima kwa wenzi wa raia iondolewe kwenye matumizi, na waliokwisha kuipata waandikiwe upya. Mifuko ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba mwombaji aliyeomba kwa wakati yuko hapa kihalali hata kabla ya kadi ya ukaazi kuchapishwa. Na mtu anayesema dirishani kwamba ni mgonjwa, jambo hilo liandikwe kwenye faili na lipelekwe siku hiyo hiyo kwa afisa mwenye mamlaka ya kusaini. Mimi nilisema. Halikuandikwa.

Ofisi ya umma ikikaa kimya miezi mitatu bila sababu ya kutosha, sheria ya mahakama za utawala inamruhusu mwombaji kuishtaki kwa kimya hicho. Wakati ule sikulijua hilo, wala hakuna aliyenieleza. Wasomaji wa barua hii sasa wanalijua. Nasubiri jibu lako kwa maandishi, lenye jina na saini ya mtu, na linieleze ni nani aliyeamua cheti changu kingoje bima, na kwa kifungu kipi.

Wako,
Mume wa muuguzi, mkazi wa mji wako