Tunashangilia, Bei Inapanda

Sisi wa mitaani tumeshangilia mengi. Februari 1967 lilipotangazwa Azimio la Arusha na mabenki yakataifishwa, tuliandamana kwa furaha, na tulikuwa na haki: nchi ilitoka kutawaliwa juzi tu, na waliokuwa wakichuma hawakuwa sisi. Tangu hapo tukajua mwenye faida ni mnyonyaji. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, duka la mtu binafsi kijijini likafungwa, la ushirika likafunguliwa, tukashangilia, tukaingia ndani, hamna sukari, hamna sabuni, hamna khanga. Mwaka 1983 wakasakwa wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa zao usiku kwa woga, tukashangilia. Kulipokucha tukarudi kwenye foleni.

Baadaye upepo ukageuka. Lilikuja Azimio la Zanzibar mwaka 1991, viwanda vikauzwa, mabenki yakauzwa, tukaambiwa sasa faida ni jambo jema. Midomo yetu ilikubali, mioyo ikabaki foleni. Kijana wa mtaani akipandisha ghorofa, tunaulizana kaipata wapi. Mwaka 2017 makinikia ya dhahabu yalipozuiwa kwenda nje na kampuni ya madini ikadaiwa dola bilioni 190, vijiweni tulishajigawia magari ya Noah, kila mtu la kwake. Serikali ikaja kupata hisa asilimia 16 katika Twiga, kampuni ya ubia wa madini, na hilo ni jambo la maana. Sisi asubuhi bado tunagombania daladala. Julai 2025 wageni wakapigwa marufuku kufanya biashara za aina 15, kuuza rejareja, kutengeneza simu, uwakala wa pesa za simu, na Kariakoo wengi tukasema afadhali, Mchina kazidi. Ni kweli alizidi. Lakini mwenzetu aliyeachiwa nafasi naye akipandisha bei kidogo, tunamwita mlanguzi.

Mtazame Mangi wa dukani kwetu, aliyekaa nyuma ya nondo tangu alfajiri. Kodi ya fremu analipa miezi sita mbele. Kuna leseni, kuna ushuru, kuna mashine ya risiti, kuna bodaboda ya kuleta mzigo, kuna mkopo wa kausha damu, na kuna daftari la madeni ambalo majina yaliyojaa humo ni yetu. Akiongeza shilingi mia kwenye kilo ya sukari, tunanuna mtaa mzima, tunasema hana uzalendo.

Uzalendo umetufundisha kumtambua anayetuibia, na tusiuache, maana wezi wapo na wengine ni wakubwa. Haujatufundisha kumtofautisha na anayetafuta riziki. Hilo tujifunze wenyewe: tulipe madeni ya dukani, tudai risiti, na kelele zetu tuzipeleke kwa wanaopanga kodi na ushuru. Kushangilia hakujawahi kushusha bei ya sukari.