Masomo ya Bure, Lakini kwa Mtoto Gani?

Tangu mwaka wa masomo 2019–2020 neno moja limesikika katika vijiji vyote vya Kongo: bure. Leta ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule zake hayalipwi tena. Wazazi walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Sheria Kuu ya nchi, iliyotangazwa mwaka 2006, ilikuwa imekwisha kuahidi jambo hilo katika kifungu chake cha 43. Watoto walingoja miaka 13 ili ahadi ianze kutimizwa. Hatutaki kuidharau kazi hiyo. Lakini leo tunauliza swali ambalo wakubwa wengi hawapendi kuulizwa: masomo ni bure kwa mtoto gani?

Sisi makatekista tunapita nyumba kwa nyumba. Tunaingia mpaka uani, mahali ambapo wageni wengine hawafiki. Tunawajua watoto ambao mwalimu hajawaona hata siku moja. Yupo msichana asiyesikia tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Yupo kijana ambaye miguu yake haimbebi. Yupo mtoto asiyeona, ambaye hukaa karibu na mafiga tangu asubuhi, akisikia sauti za wenziwe wanaporudi kutoka masomoni. Majina ya watoto hao yamo katika kitabu cha ubatizo. Katika kitabu cha shule hayamo.

Tena si wachache. Mwaka 2021 UNICEF ilitangaza kwamba duniani pote watoto wenye ulemavu ni karibu milioni 240, yaani mtoto mmoja kati ya 10. Basi ukiingia katika shule yenye watoto 600 usimwone hata mmoja wa namna hiyo, usiseme: «Kijiji hiki kimebarikiwa.» Uliza: «Wako wapi?»

Watu hujibu upesi: «Kosa ni la wazazi, wanawaficha kwa haya.» Wapo wanaowaficha, nasi tunawaonya. Lakini wengine wengi walijaribu. Walimpeleka mtoto shuleni, naye Direkteri akamwandika. Mtoto akaketishwa nyuma kabisa, katika kalasi ya watoto mia na zaidi. Mwalimu aliandika ubaoni, na mtoto hakuona. Mwalimu alisema, na mtoto hakusikia. Baada ya miezi miwili alibaki nyumbani. Nani alimfukuza? Hakuna mtu aliyemfukuza kwa mdomo, na hata hivyo alifukuzwa.

Hapo wanaotetea mambo yalivyo hutuambia: «Haki imetimia, kwa kuwa kila mtoto amepata sawasawa na mwenzake.» Hapana! Muuguzi akiwapa wagonjwa wote kidonge cha namna moja, mwenye malaria na aliyevunjika mguu, je, tutamsifu kwa haki yake? Tutasema hajui kazi. Kumpa asiyeona kitabu kilekile cha anayeona si usawa. Ni kumpa karatasi tu.

Tazameni jambo jingine, baya zaidi. Shule za vipofu na za viziwi ziko hasa katika miji mikubwa. Mtoto wa kijijini hana budi kulala hukohuko. Safari, godoro, chakula cha miezi yote: nani analipa? Ni mzazi, au mfadhili fulani akipatikana. Hivyo mtoto asiye na shida anasoma bure, na yule aliyepungukiwa na macho au masikio anasoma kwa fedha. Mwenye mzigo mwepesi amepunguziwa, mwenye mzigo mzito ameongezewa. Je, hiyo ndiyo haki tuliyoipigia makofi?

Wengine watasema: «Hao ni kazi ya Misioni. Masista na Mabruda wanawatunza vizuri.» Neno hilo ni la heshima kwa Masista, lakini linamfunika mdaiwa. Tangu mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, shule zilizo mikononi mwa Kanisa ni shule za Leta, nalo Kanisa linazisimamia. Mtoto wa shule hizo ni raia kama wengine, na baba yake hulipa kodi sokoni kama wengine. Sadaka ni njema, lakini hutegemea moyo wa mtoaji na mfuko wake. Leo ipo, kesho mfadhili amekufa au amechoka. Elimu ya mtoto haiwezi kujengwa juu ya «labda».

Historia yenyewe inatufundisha. Karibu na mwaka 1760, katika mji wa Paris, padri mmoja aliyeitwa Charles-Michel de l'Épée alianza kufundisha watoto viziwi nyumbani mwake, kwa ishara za mikono na kwa fedha yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1789. Je, shule ilizikwa pamoja naye? La. Mwaka 1791 Bunge la Ufaransa, ambalo halikuwa rafiki mkubwa wa mapadri, liliichukua shule ile iwe mali ya taifa. Liliona kwamba kazi iliyoanzishwa na huruma ya mtu mmoja imekuwa deni la watu wote. Huo ndio utaratibu: huruma hutangulia ikafungua njia, kisha Leta huja ikaitengeneza iwe barabara.

Wako na wenye kusema: «Kongo ni maskini. Kwanza tuwasomeshe wazima, wengine watafuata.» Tunajibu maneno mawili.

Neno la kwanza: mahitaji mengi hayana bei kubwa. Mtoto albino, ambaye macho yake ni dhaifu, aketi mbele karibu na ubao, tena asikatazwe kuvaa kofia juani. Asiyeweza kuandika upesi aongezewe wakati katika mtihani. Kalasi yenye mtoto asiyetembea isiwe ile ya ngazi kumi. Mambo hayo hayahitaji msaada wa Ulaya, yanahitaji amri moja na mtu wa kuikagua.

Neno la pili: yale yenye gharama huzaa matunda. Mwaka 1819 mtoto wa miaka 10, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi, aliingizwa katika shule ya vipofu ya Paris, nayo ilikuwa shule ya Serikali. Jina lake Louis Braille. Mwaka 1829 alitoa kitabu juu ya maandiko yake ya nukta 6, ambayo hata leo vipofu wa dunia nzima wanayasoma kwa vidole. Kama Serikali ile ingalisema «wazima kwanza», dunia ingalipoteza kiasi gani? Na sisi, tunawaacha akina Braille wangapi karibu na mafiga?

Wala tusidhani kwamba jambo hili linawezekana Ulaya tu. Jirani zetu wa Kenya, walipofanya masomo ya msingi kuwa bure mwaka 2003, walihesabu shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mtoto, kisha wakaweka nyongeza kwa mtoto mwenye ulemavu. Kiasi kilitosha au hakikutosha, hayo ni mabishano yao. Sisi twashika msingi wake: fedha imfuate mtoto kwa kipimo cha shida yake.

Sheria hatukukosa. Kifungu cha 49 cha Sheria Kuu chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kadiri ya mahitaji ya mwili wake, akili yake na roho yake. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mapatano ya Mataifa juu ya haki za watu hao, na kifungu cha 24 cha Mapatano hayo kinahusu masomo. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kwetu wenyewe. Karatasi ni nzuri. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa, na sheria isiyo na fungu lake katika mahesabu ya Leta ni maneno matupu.

Basi tunadai nini? Kwanza, kila mwaka, shule ziandike watoto wenye ulemavu wa eneo lao, walio ndani na walio nje ya shule. Pili, mtoto wa namna hiyo awe na nyongeza yake katika fedha za shule, na kama ni lazima alale mbali na kwao, malazi na chakula vihesabiwe kuwa sehemu ya masomo ya bure. Tatu, walimu wanaojua Braille na lugha ya ishara walipwe mshahara wa Leta bila kungojeshwa, na kila jimbo kati ya majimbo yetu 26 liwe na mahali pa kuwafundisha wengine. Nne, hesabu ya fedha hizo ibandikwe mlangoni pa shule, ili zisiliwe njiani.

Nanyi, wazazi na komite za shule, msikae kimya. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, simameni mwulize mbele ya wote: ni watoto wangapi wa mtaa huu hawamo katika kitabu, na fedha yao iko wapi? Mbunge akija kuomba kura, mwulizeni vilevile. Mpaka atakapojibu, tusikubali tena kusema kwamba katika nchi yetu masomo ni bure kwa wote.